Redio inakoroma, inakwaruza au inapasuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu mwenye muziki wa nyumbani wa kawaida: amplifaya na spika mbili, sabufa na spika zake ndogo, au redio kubwa ya zamani yenye deki ambayo bado ina nguvu zake. Spika nyingi nzima hutupwa au kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu wakati kosa lilikuwa kwenye waya, kwenye kinobu au kwenye simu. Inaumiza kuona hivyo. Jua kwanza kosa liko wapi, ndipo utoe pesa.

Sauti imeanza kuharibika. Nianzie wapi?

Anza kwa kuhamisha, usianze kwa kufungua. Muziki hupita vituo vitatu: chanzo (simu, TV, king'amuzi, deki), kisha amplifaya, kisha spika. Kati ya kituo na kituo kuna waya. Kazi yako ni kujua kelele inazaliwa kituo gani.

Kwanza badilisha chanzo. Kama ulikuwa unapiga kwa simu, weka stesheni ya FM au flashi. Sauti ikiwa safi, amplifaya na spika hazina kosa, rudi kwenye simu na waya wake. Kelele ikiendelea, zima kila kitu, chomoa kwenye soketi, kisha nenda nyuma ya amplifaya ubadilishane spika: ya kushoto ipeleke kulia, ya kulia ilete kushoto. Washa, piga wimbo uleule kwa sauti ileile. Kelele ikihama pamoja na spika, mgonjwa ni spika hiyo au waya wake. Ikibaki upande uleule wa amplifaya, spika ni nzima, iache. Hapo badilishana pini nyekundu na nyeupe za waya wa AV unaotoka kwenye chanzo, pale zinapoingia kwenye amplifaya. Kelele ikihama, kosa liko kwenye waya huo au kwenye chanzo. Isipohama, liko ndani ya amplifaya.

Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukigusa vitatu kwa pamoja na sauti ikatengemaa, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na wiki ijayo utakuwa palepale.

Jambo jingine: kama pande zote mbili zimeharibika siku moja, ni nadra spika mbili kufa kwa pamoja. Angalia chanzo, umeme na mipangilio kwanza. Na unapopima, tumia sauti ya mtu anayezungumza, kwa mfano mtangazaji wa taarifa ya habari. Sikio limezoea sauti ya binadamu na hugundua hitilafu ndogo ambayo ngoma na besi zingeificha.

Ni safi ikiwa chini, lakini nikipandisha sauti inapasuka. Spika zimechoka?

Mara nyingi spika hazijachoka. Amplifaya ndiyo imefika mwisho wa nguvu zake. Umeme unaoingia kwenye spika hupanda na kushuka kufuata wimbi la muziki. Amplifaya ikidaiwa kupanda juu kuliko umeme ilio nao ndani, haiwezi, kwa hiyo vilele vya mawimbi hukatwa na kuwa bapa. Sikio lako linasikia hivyo vilele vilivyokatwa kama mpasuko na ukali.

Hali hii ndiyo inayoua twita, yaani zile spika ndogo za sauti nyembamba. Wimbi lililokatwa huzaa nguvu nyingi ya sauti nyembamba ambayo haikuwemo kwenye wimbo, na twita ina koili (waya uliozungushwa unaoisukuma spika itoe sauti) nyembamba isiyostahimili joto. Ndiyo maana amplifaya ndogo iliyolazimishwa inaweza kuunguza twita ya spika kubwa. Ukisikia mpasuko, shusha sauti papo hapo. Usisubiri wimbo uishe.

Kabla ya kununua amplifaya kubwa, shusha kinobu cha besi na kile cha trebo mpaka katikati, zima vitufe vya kuongeza besi, na ondoa ekwalaiza (mpangilio wa besi na trebo) ya kwenye simu. Kuongeza besi ndiko kunakomaliza nguvu ya amplifaya haraka kuliko kitu chochote. Watu wengi wakifanya hili tu, mpasuko unaisha.

Fahamu pia hesabu hii: ukiongeza nguvu ya amplifaya maradufu, kwa mfano kutoka wati 50 hadi 100, unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona ni ndogo. Ili muziki usikike kama umepanda maradufu, unahitaji takribani mara 10 ya nguvu. Spika inayotoa sauti zaidi kwa wati zilezile mara nyingi ni nunuzi bora kuliko amplifaya mpya.

Boksi la sabufa limeandikwa wati 5000. Mbona inapasuka kwenye sebule ndogo?

Kwa sababu maandishi hayo, yale yanayokuja na herufi PMPO, hayapimi nguvu unayoweza kuitumia. Geuza sabufa, soma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha inakula umeme kiasi gani. Kikisema wati 60, haiwezi kutoa zaidi ya hizo 60 kwa mfululizo, na sehemu yake inapotea kama joto. Tafuta herufi RMS. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha dukani.

Nitajuaje kwamba spika yenyewe imekufa?

Zipo njia ambazo hazihitaji fundi.

Ondoa kitambaa cha mbele. Weka vidole vya mikono yote miwili pande mbili za koni (ile sehemu pana inayotetema), karibu na katikati, kisha isukume taratibu kuelekea ndani na uiachie. Iende sawasawa bila kupinda. Ukisikia au ukihisi mkwaruzo, koili imeungua au imehama na inasugua sumaku. Spika ya hivyo hukwaruza hata kwa sauti ya chini, na dawa yake ni koili mpya au spika mpya.

Chukua betri ya saa ya ukutani, ya volti 1.5. Chomoa nyaya za spika kwenye amplifaya, gusisha ncha zake kwenye betri kwa sekunde moja. Spika nzima inasema "tak" na koni inasogea. Upande chanya wa betri ukiwa kwenye terminali nyekundu, koni hutoka nje. Kimya kabisa maana yake koili imekatika, au waya umekatika njiani. Usiijaribu njia hii moja kwa moja kwenye twita.

Mwenye multimita (kipimo cha umeme cha mafundi) apime ohm, yaani ukinzani wa spika kwa umeme. Spika iliyoandikwa 8 husoma chini kidogo ya hapo, kama 5.5 hadi 7, na iliyoandikwa 4 husoma kama 3 hadi 4. Hiyo ni kawaida, si ugonjwa. Ikisoma karibu na sifuri, koili imeshikana, na usiiunganishe tena kwenye amplifaya maana itaondoka nayo.

Mwisho tazama nyaya mbili nyembamba zilizosukwa zinazotoka kwenye terminali hadi kwenye koni. Hukatika nusu kwa kuchezacheza miaka mingi, na hapo sauti inakuja na kupotea kila besi inapopiga. Fundi mwenye mkono mwepesi analehemu nyingine kwa muda mfupi.

Sponji inayozunguka koni imeoza na kuchanika. Nitupe spika?

Hapana, tafadhali usitupe. Sponji huoza yenyewe kwa umri, joto na unyevu, hata kama spika haikupigwa. Koni, koili na sumaku vinaweza kuwa vizima kabisa. Sponji mpya huuzwa kwa kipimo cha inchi: pima spika, usikisie. Fundi anakwangua ya zamani na gundi yake yote, anaweka koni katikati sawasawa, kisha anabandika mpya. Kazi yote iko kwenye kuweka katikati, kwa sababu ikienda pembeni kidogo koili itasugua sumaku. Kama una nafasi ya kuchagua, chukua ukingo wa mpira. Unadumu kuliko sponji kwenye hali ya hewa ya pwani.

Usizibe mipasuko kwa gundi ya matairi au kwa silikoni ya madirisha. Ukingo unakuwa mzito na mgumu, besi inakufa.

Nikizungusha kinobu cha sauti kinakwaruza, na wakati mwingine upande mmoja unapotea.

Ni vumbi na kutu ndani ya kinobu. Kwa siku chache unaweza kujisaidia kwa kuzima redio na kuzungusha kinobu kutoka mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Dawa ya kweli ni spirei ya kusafishia vigusanishi vya elektroniki, ipuliziwe kwenye tundu la kinobu chenyewe redio ikiwa imechomolewa (ikibidi kufungua kifuniko, mpe fundi), kisha kizungushwe na kuachwa kikauke. Mafuta ya cherehani na mafuta ya kulegezea nati siyo dawa: yanashika vumbi zaidi na baada ya muda hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Upande mmoja unaanza kwa sauti ndogo inayokwaruza, lakini nikipandisha unarudi safi. Ni nini?

Hii nimeiona kwenye amplifaya nyingi za zamani zenye ubora mzuri, na wenye nazo huambiwa transista (vipuri vinavyokuza sauti) zimekufa. Mara nyingi ni relei (swichi inayojiwasha yenyewe) ya kulinda spika, ile inayosema "tak" sekunde chache baada ya kuwasha. Vigusanishi vyake vimepata utando mweusi. Umeme mdogo haupenyi vizuri, ukiwa mkubwa unapenya, ndiyo maana sauti inatengemaa ukipandisha. Kubadilisha relei ni kazi nafuu. Mwulize fundi aiangalie kabla hajagusa kingine.

Kuna mvumo mzito usioisha hata bila wimbo.

Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na mvumo huo ndio unaousikia. Chomoa nyaya zote zinazoingia kwenye amplifaya, acha spika tu.

Mvumo ukiisha, unatoka nje, na kosa kubwa ni mzunguko wa ethi: vifaa viwili vimeunganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti. Mtuhumiwa wa kwanza ni waya wa dishi au antena. Uchomoe nyuma ya king'amuzi, mvumo ukikata umempata. Kuna vifaa vidogo vya kutenganisha vinavyowekwa kwenye waya wa antena au wa AV. Pia jaribu kuchomeka TV, king'amuzi na amplifaya kwenye ekstensheni moja badala ya soketi za kuta mbili. Mlio mwembamba unaotokea unapochaji simu huku unapiga muziki kwa waya ni ugonjwa wa familia hii hii. Chomoa chaja.

Usikate waya wa ethi wala kung'oa pini ya tatu ili kuondoa mvumo. Waya huo upo ili mwili wa chuma wa kifaa usikurushe au kukuua, na hakuna wimbo unaostahili bei hiyo.

Mvumo ukibaki hata nyaya zote zikiwa nje, kosa liko ndani: mara nyingi kapasita kubwa za pawa (vikopo vinavyohifadhi umeme) zimechoka. Hapo ni fundi, naye akifungua anaweza kuzikuta zimevimba juu au zimevuja.

Jioni umeme ukiwa mdogo muziki unakoroma. Kuna uhusiano?

Upo, hasa kwa amplifaya zenye transfoma ya zamani nzito. Tanzania umeme unatakiwa kuwa volti 230, Kenya 240. Ukishuka hadi 180 kwenye nyumba ya 230, nguvu ya juu ya amplifaya hubaki kama asilimia 60 tu, kwa sababu nguvu hushuka kwa kipeo cha pili cha volti. Kwa hiyo sauti iliyokuwa safi mchana inapasuka saa mbili usiku kinobu kikiwa palepale. Shusha sauti, au nunua stabilaiza yenye uwezo wa kutosha.

Wenye sola waangalie inveta. Inveta za bei ya chini hazitoi wimbi laini la umeme, hutoa la ngazi ngazi, na amplifaya hulia "zzzz" kwenye spika na transfoma ikapata moto. Inveta ya wimbi laini ndiyo inayofaa muziki.

Nimenunua amplifaya ya mtumba kutoka Japani. Nifanye nini kabla ya kuiwasha?

Soma nyuma. Vifaa vya soko la Japani ni vya volti 100, na vya Marekani ni 120. Ukichomeka kwenye 230 bila transfoma ya kushusha, unaweza kuona moshi kabla ya kusikia muziki. Baadhi vina swichi ya kuchagua volti, kwa hiyo hakikisha iko panapotakiwa. Chagua transfoma yenye uwezo mkubwa kuliko ulaji wa amplifaya, la sivyo utarudi kwenye kupasuka kwa kukosa nguvu.

Kwa Bluetooth inakatakata na kukoroma, kwa FM ni safi.

Kukatakata na kukoroma ni mambo mawili. Kukatakata ni umbali, ukuta, au msongamano: Bluetooth na Wi-Fi nyingi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, kwa hiyo sogeza simu karibu na uitenge na ruta. Kukoroma ni ekwalaiza ya simu au programu ya kuongeza sauti kupita asilimia 100. Programu hizo hukata vilele vya mawimbi ndani ya simu yenyewe, na amplifaya haiwezi kurudisha kilichokatwa. Ifute.

Kwa waya wa oksi, weka simu kama robo tatu ya sauti yake, kisha tumia kinobu cha amplifaya. Na usichomeke simu au CD kwenye tundu lililoandikwa PHONO. Tundu hilo ni la santuri, linakuza mara nyingi mno, na sauti itapasuka hata ukiwa chini kabisa.

Inawezekana kasoro ni ya wimbo?

Sana. Wimbo uliotoka mtandaoni, ukabanwa, ukatumwa kwa WhatsApp, ukabanwa tena, unafika na sauti za matoazi zikiwa kama maji yanayotiririka. Kanda za taarab za zamani zilizohamishiwa kwenye kompyuta na mtu aliyeweka sauti juu mno zimepasuka humo humo, milele. Linganisha na CD halisi au faili kutoka chanzo cha uhakika kabla ya kuhukumu spika.

Zipo pia sauti zilizokusudiwa. Ilimba ya Wagogo huwekewa utando unaovuma kwenye tundu lake, na kundi la Konono N°1 la Kinshasa limejulikana duniani kwa likembe zilizopitishwa kwenye vikuza sauti vya kujitengenezea, zenye mkwaruzo mzito. Ukipiga muziki huo na spika ikakwaruza, spika inafanya kazi yake.

Niliongeza spika mbili nyingine. Tangu hapo amplifaya inapata moto na kukoroma.

Umeishusha ohm. Spika mbili za ohm 8 zikiunganishwa sambamba kwenye tundu moja zinakuwa 4, mbili za 4 zinakuwa 2. Soma nyuma ya amplifaya kiwango cha chini inachoruhusu. Ikisema 6 hadi 16, usiipe 4. Ukiziunga kwa mfululizo, yaani moja nyuma ya nyingine kwenye njia moja, namba hujumlishwa na amplifaya inakuwa salama, ingawa sauti hupungua.

Hapo hapo tazama ncha za nyaya. Uzi mmoja wa shaba uliotoka na kugusa terminali ya jirani unatosha kuleta mkoromo au kuzima kila kitu. Kwa mita 5 za kawaida za sebuleni, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha.

Naishi karibu na bahari. Kuna la ziada?

Ndiyo. Kuanzia Lamu hadi Mtwara, na visiwani, chumvi ya hewani hugeuza shaba kuwa ya kijani. Kata ncha ya waya iliyooza, menya upya, kaza. Pini za AV zichomoe na kuzichomeka mara kadhaa kila baada ya miezi michache, huo msuguano unazisafisha. Mende na mijusi hupenda joto la amplifaya, na mjusi akikanyaga bodi penye umeme hufa yeye na kifaa. Weka wavu laini kwenye matundu ya hewa, lakini usiyazibe kwa kitambaa.

Naweza kufungua amplifaya mwenyewe?

Kusafisha nyuma na kukaza nyaya, ndiyo. Kufungua kifuniko, hapana, kama hujafundishwa. Kapasita kubwa za pawa hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa, na mtu anayezigusisha kwa bisibisi anaweza kuungua. Fundi huzimaliza kwa rezista na kupima kwa multimita kabla ya kuweka mkono.

Fundi amebadilisha transista, baada ya muda mfupi imekufa tena. Nimeibiwa?

Si lazima. Soko limejaa transista bandia za namba zinazotafutwa sana, kama 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, pamoja na IC (vipande vyenye sakiti nzima ndani) za sabufa kama TDA7294. Zinafanana kwa nje, ndani kipande ni kidogo na hakistahimili joto. Fundi mwaminifu naye huuziwa hizo. Pia inawezekana transista ilikufa kwa sababu ya kosa jingine ambalo halikuguswa, kama spika iliyoshikana au rezista iliyoungua kwenye hatua ya nyuma yake.

Unapokwenda kuchukua kifaa, omba vipuri vya zamani urudishiwe. Uliza kama kimewashwa kwanza kupitia globu ya zamani yenye waya unaowaka ndani, iliyounganishwa kwa mfululizo, ambayo ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo huonyesha bado kuna shoti. Kisha mwombe apime mbele yako volti za DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) kwenye terminali za spika, hakuna wimbo unaopiga, spika zikiwa zimechomolewa. Chini ya milivolti 50 ni nzuri. Ikizidi 100, usikubali kuondoka nayo. Zikiwa volti nzima, koili ya spika yako itaungua siku hiyo hiyo utakapoiunganisha nyumbani.